Vioo vya Pwani ya Yorkshire: Shajara ya Kunakili Negativi za Kale

Mradi wenyewe: kunakili kidijitali kasha moja la negativi za vioo (picha juu ya kioo, cheupe kikionekana cheusi na cheusi cheupe) kutoka pwani ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kujua kila picha ni ya wapi na ya lini, kisha kuchapa chache zenye maelezo ya Kiswahili. Kazi inafanyika Middlesbrough, chumba cha nyuma chenye pazia zito. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye vioo au filamu za zamani, wakiwamo wenye masanduku ya studio za Unguja, Mombasa au Tanga, maana hewa ya chumvi haichagui bahari. Hatua za kawaida nimezifupisha. Palipotusumbua nimeeleza.

11 Januari 2025: Kasha limefika

Limenunuliwa kwenye mnada wa vitu vya nyumba iliyokuwa ikifungwa, pauni 60 pamoja na ada. Ndani mna negativi za kioo, nyingi za nusu bamba (sentimita 12 kwa 16.5), chache za robo bamba, slaidi kadhaa za mraba za kuonyeshea picha ukutani kwa taa, picha za karatasi, na kadi za posta zilizofungwa kwa uzi.

Kasha lilikuwa limelala kwenye banda la baridi. Usilifungue kasha la namna hiyo likiingia tu chumba chenye joto. Kioo baridi hukusanya umande papo hapo, na jelatini, yaani utando unaobeba picha, ikilowa huvimba na kunata. Tuliliacha limefungwa hadi kesho yake asubuhi.

Hatua ya kwanza ni kujua upande wa picha. Pindisha kioo kidogo mbele ya dirisha: upande unaong'aa ni kioo kitupu, upande uliofifia ndio wenye utando wa picha. Huo wa pili hauguswi na kidole cha mtu.

Hatua ya pili ni kutazama kingo. Enzi za kolodioni, mpiga picha alimwaga dawa hiyo ya majimaji kwa mkono juu ya kioo na kupiga picha kioo kikiwa bado kibichi, kwa hiyo ukingoni hubaki michirizi na mapengo. Vioo vyetu vina utando ulio sawa hadi mwisho, kazi ya kiwandani. Haya ni mabamba makavu ya jelatini. Daktari Mwingereza Richard Leach Maddox alieleza jaribio lake la kwanza mwaka 1871, na madukani mabamba ya aina hii yakaenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870. Basi hakuna kioo humu kilichotangulia muda huo, na hilo tumelijua kabla hatujatazama hata picha moja.

Vioo kadhaa vilifungwa kwa gazeti la miaka ya 1930. Gazeti linasema vilifungwa lini, halisemi vilipigwa lini. Tumelihifadhi hata hivyo.

18 Januari: Skana imeshindwa

Nilianza na skana ya mezani ya mtumba, pauni 40, ya aina yenye taa ya pili kwenye kifuniko. Matatizo yalikuwa matatu, na lile la tatu halina dawa.

Kwanza, kioo juu ya kioo huacha hewa nyembamba sana katikati, na picha hutoka na duara za rangi za upinde, zile ziitwazo duara za Newton. Pili, ukiinua negativi kwa vipande vya kadi ili duara ziondoke, lenzi ya skana inakosa umbali wake na picha inafifia. Tatu, taa ya kifuniko ilitengenezwa kwa ajili ya filamu nyembamba. Ilimulika ukanda mdogo tu, ikabidi kioo kipigwe vipandevipande, na kila kipande kikatoka na mwanga wake. Mshono ulionekana katikati ya uso wa mwanamke mmoja.

Skana imeuzwa pauni 30. Hasara ni pauni 10. Anayetaka kununua skana kwa kazi hii na aulize kwanza upana wa taa ya kifuniko. Ukubwa wa skana yenyewe hausemi kitu.

8 Februari: Kamera juu, mwanga chini

Shemeji ametuazima kamera yake ya megapikseli 24, kwa sharti kwamba Jumamosi za harusi inarudi kwake. Nguzo ya kuishikilia ni ya mashine ya zamani ya kukuzia picha, pauni 20, kichwa chake kimeondolewa. Lenzi ni ya mtumba ya milimita 55 ya kupigia vitu vya karibu, pauni 70, na adapta pauni 14. Mwanga ni paneli ya LED, pauni 35.

Picha za mwanzo zilikuwa na vidoa vilivyojipanga safu kwa safu, na mistari myeupe na myeusi iliyopishana. Vidoa ni balbu ndogo za paneli yenyewe, kwa sababu tulilaza kioo moja kwa moja juu yake. Mistari inatokana na LED kupepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni ila shata (kizibo cha kamera kinachofunguka na kufunga) inaiona. Vidoa viliondoka tulipoweka kipande cha plastiki ya akriliki nyeupe ya maziwa chenye unene wa milimita 3 (pauni 9), na kuinua negativi sentimita 6 juu yake. Mistari iliondoka tulipopunguza kasi ya shata hadi 1/15 ya sekunde. Ukinunua paneli ghali pengine hutayaona haya, lakini ya bei hii yatakukuta.

Tatizo la tatu lilikuwa la siri zaidi. Pembe moja ya kila picha ilikuwa kali, ya pili imefifia. Kamera haikuwa sambamba na kioo, na pima maji ya fundi haikutosha kuonyesha kosa dogo kama hilo. Dawa yake ni kioo cha kujitazamia: kilaze mahali pa negativi, tazama kupitia kamera, kisha isogeze mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa ya picha. Hapo kamera iko sawa. Inachukua dakika chache, na tangu hapo pembe zote nne zinasomeka.

Mengine kwa ufupi: tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, kadi nyeusi (pauni 4) kuzunguka kioo ili mwanga wa pembeni usiingie kwenye lenzi, chumba giza, na mpiga picha avae nguo nyeusi maana shati jeupe linajionyesha juu ya kioo. Utando unatazama juu, upande wa lenzi, na faili inageuzwa baadaye kushoto-kulia. Hilo la kugeuza lina kisa chake, nitafika.

22 Februari: Usafi, na pale tulipoacha

Vumbi linaondolewa kwa kipulizo cha mpira (pauni 6). Upande wa kioo kitupu unafutwa kwa pamba yenye maji yaliyochujwa, kidogo sana. Upande wa utando haufutwi kabisa. Glavu za nitrili (pauni 8) zinavaliwa muda wote. Glavu za pamba zinateleza na nyuzi zake zinanasa penye jelatini iliyoachia.

Vioo kadhaa vina utando unaoinuka kingoni na kujikunja. Kuna anayeshauri kuubandika tena kwa unyevu. Sisi tumeuacha. Kioo cha namna hiyo kinapigwa picha mara moja na kuingia bahasha yake. Vingine vina mng'ao wa kifedha, wa bluu-bluu, kuanzia ukingoni kuelekea ndani: ni fedha ya picha iliyopanda juu ya utando kwa miaka ya hewa mbaya. Mwanga ukitoka chini tu, na chumba kikiwa giza, mng'ao huo hausumbui sana.

Kilichotufanya tusimame ni rangi nyekundu. Vioo vingi vya mandhari vimepakwa rangi nzito nyekundu sehemu yote ya anga, kwa brashi, ukingo wa paa ukifuatwa kwa ustadi. Shemeji alidhani ni uchafu, akashika pamba. La. Mabamba ya wakati ule yaliiona zaidi bluu kuliko rangi nyingine, anga likatoka limeungua na lenye madoadoa. Mpiga picha akaliziba kwa rangi isiyopitisha mwanga ili kwenye karatasi litoke jeupe safi. Kwenye nyuso nako kuna mistari ya penseli laini, makunyanzi yakipunguzwa. Huo ni mkono wa mpiga picha mwenyewe, kwa hiyo haufutwi.

Kioo kimoja kimevunjika vipande viwili. Gundi haikutumika. Vipande vililazwa pamoja juu ya kioo kingine safi, vikapigwa picha, na ufa ukaunganishwa kwenye kompyuta katika nakala ya kuonyesha tu.

15 Machi: Kingo tulizozikata

Mwezi huu tulirudia karibu kazi yote, na mwenye kutaka kuiga mradi huu asome hapa kwa makini.

Tulikuwa tukipiga picha ya sehemu yenye taswira peke yake, tukikata kingo za kioo ili tupate pikseli nyingi zaidi. Hesabu ilionekana nzuri. Kisha programu inayogeuza negativi kuwa picha ya kawaida ilikuwa ikirekebisha mwanga yenyewe, na kufuta mikwaruzo yenyewe. Picha zilipendeza. Tulipotaka kuzipanga kwa mfuatano tukajikuta hatuna cha kushikilia, huku vioo vyenyewe, tulipovirudia kwa macho, vikiwa na namba zilizokwaruzwa kwa sindano kwenye ukingo, zimeandikwa kinyume ili zisomeke sawa zikichapwa. Programu ilizifuta kama mikwaruzo, na zile ambazo haikuzifuta tulikuwa tumezikata sisi.

Siyo namba tu. Ukingoni mna alama za kishikizo cha kamera, na kishikizo kile kile huacha pengo lile lile, hivyo vioo viwili vyenye pengo moja vimetoka kwenye kamera moja. Mna alama ya dole gumba la mtu aliyekishika kioo kibichi kwenye dawa. Mna sehemu ambayo rangi nyekundu haikufika, na hapo ndipo kipande cha anga halisi kinaonekana.

Utaratibu mpya: kila kioo kinapigwa chote, na sentimita moja ya nafasi tupu kila upande. Kwa nusu bamba, kamera yetu inabakiwa na pikseli takriban 285 kwa kila sentimita, na inatosha kusoma herufi kwenye omo (sehemu ya mbele) la mashua iliyo karibu. Kioo chenye mambo madogo sana kinapigwa tena vipande vitatu vinavyopandana, kisha vinaunganishwa. Faili ghafi ya kamera haiguswi. Kutoka hapo inatengenezwa faili kuu ya TIFF ya biti 16 (yenye ngazi nyingi sana za mwanga), rangi ya kijivu, takriban megabaiti 48, bila kufuta kitu. Tulijaribu biti 8 ili kuokoa nafasi, anga na ukungu vikatoka na ngazi-ngazi mara tu tulipogusa mkunjo wa mwanga. Urembo wote unafanyika kwenye nakala ya tatu, na jina la faili linasema hivyo. Diski ya nje, pauni 55.

5 Aprili: Kioo kilichotupandisha na kutushusha

Kimoja kati ya vioo vya mwisho kilikuwa na wavulana uchi kuzunguka boti bandarini, ukungu nyuma yao. Mtu yeyote aliyepita Whitby, mji wa bandari wa pwani hii, akatazama madirisha ya maduka ameiona picha hii: ni ile ya Frank Meadow Sutcliffe ya mwaka 1886, iitwayo Water Rats. Hiyo ndiyo inayosimuliwa kuwa viongozi wa dini wa mji walimtenga kwa ajili yake, na Prince of Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, akaagiza nakala kubwa.

Ndani ya nyumba hapakukalika. Sutcliffe, mzaliwa wa Headingley, Leeds, mwaka 1853, ndiye mpiga picha mkubwa wa pwani hii. Alianza Whitby mwaka 1875 kwenye karakana iliyoachwa na wachongaji wa jeti, lile jiwe jeusi la mapambo ya msiba. Aliishi kwa kupiga picha za wageni wa kiangazi, na baina ya mteja na mteja akawapiga wavuvi, wakulima na watoto wa gatini. Negativi yake halisi ikionekana mnadani kwa pauni 60 ingekuwa maajabu.

Kingo zikasema. Kwenye pembe mbili kuna vivuli vidogo vya duara, na chini yake ukingo wa karatasi umejikunja kidogo. Ni vichwa vya pini. Mtu alibandika picha ya karatasi ukutani, akaipiga upya kwa bamba lake. Tulipokuza, nyuzi za karatasi zilionekana ndani ya maji ya bandari, na kwenye kona ya picha ziko herufi za Sutcliffe, FMS, ambazo ni sehemu ya ile karatasi iliyonakiliwa. Kwa nakala yetu ya Februari, iliyokatwa kingo, tungeitangaza kuwa negativi ya mwaka 1886 na kujiaibisha mbele ya watu.

Kimeandikwa kwenye orodha: "negativi ya kunakili picha ya karatasi". Vioo vingine viwili vina pini zile zile. Navyo vimehamia kundi hilo.

19 Aprili: Kushoto na kulia

Kisa cha kugeuza faili sasa. Ukipiga kioo utando ukitazama lenzi, picha inatoka kinyume, kwa hiyo kompyuta inaigeuza. Lakini vioo vichache tulivipiga kwa upande wa pili kwa sababu utando ulikuwa unaachia, na programu ikavigeuza navyo, kwa mkupuo mmoja. Utajuaje kipi kiko sawa?

Whitby ni rahisi. Mto Esk unaelekea kaskazini baharini, na magofu ya abasia (monasteri ya kale) pamoja na kanisa la St Mary yako jabali la mashariki. Ukitazama bahari, yawe kulia kwako. Yakiwa kushoto, geuza.

Vijijini ni vigumu zaidi. Tulitegemea herufi za boti. Boti za uvuvi za sehemu hii zimesajiliwa bandari ya Whitby na kubeba herufi WY. Za Scarborough ni SH, za Hull ni H. Tatizo ni kwamba W ikigeuzwa inabaki W, na Y inabaki Y. Kinachobadilika ni mpangilio tu: YW. Boti moja ilipita machoni petu hivyo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa tarakimu zake zilifunikwa na gunia. Baada ya hapo tukaongeza kipimo cha vifungo vya nguo: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, la mwanamke kulia. Vipimo viwili vikikubaliana, tunaandika.

Kwa tarehe tulijenga kitu kama uzio, nguzo huku na nguzo kule. Kioo cha Staithes, kijiji cha wavuvi, kina kwenye pembe ya juu mistari myembamba iliyokatiza bonde, na tuliidhani mikwaruzo. Ni daraja la reli la Staithes. Njia hiyo ya kutoka Whitby hadi Loftus ilifunguliwa mwaka 1883, ikafungwa 1958, na daraja likabomolewa 1960. (Lilikuwa na kipima upepo chenye kengele, kwa hofu iliyobaki baada ya daraja la mto Tay kuanguka na treni mwaka 1879.) Basi kioo ni cha miaka ya kuelekea 1883 au baada yake. Kingine kina daraja la kuzunguka la Whitby, lililojengwa 1908, kwa hiyo hakitangulii hapo. Kingine ni cha abasia kwa karibu, uso wake wa magharibi ukiwa haujaguswa na kombora. Manowari za Kijerumani ziliupiga tarehe 16 Desemba 1914, siku moja na Scarborough na Hartlepool. Nguzo ya mwisho hiyo hapo.

Kadi za posta zinasaidia kwa tahadhari. Mgongo uliogawanywa sehemu mbili, ujumbe huku na anwani kule, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902. Stempu ya nusu peni ni ya kabla ya Juni 1918, bei ilipopanda kuwa peni moja. Ila kampuni kubwa kama ya Francis Frith ziliuza taswira moja miaka na miaka, kwa hiyo stempu ni ya kadi tu.

Ramani: Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka mtandaoni ramani za zamani za Uingereza za inchi 6 kwa maili, bure, na unaweza kuilaza ramani ya zamani juu ya picha ya setelaiti. Tumezitumia kuliko kitu kingine chochote.

10 Mei: Staithes, na maelezo yaliyobadilika

Basi kutoka Middlesbrough, pauni 3 kwenda na 3 kurudi. Nilibeba picha zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida, nikazionyesha kwa mzee mmoja aliyevua kutoka hapo tangu ujana. Alizitazama kwa utaratibu, na karibu kila alipoweka kidole palikuwa pembeni ya picha.

Kioo tulichokiandika "Wanawake wakipumzika mlangoni" hakina mapumziko. Kwenye ukingo wa chini, nusu nje ya picha, kuna sinia pana la fito na juu yake kamba iliyokunjwa. Ni dhulumati, mshipi mrefu wenye ndoano mamia. Wanaume walikwenda nayo baharini, lakini kuitia chambo ilikuwa kazi ya wake, mama na mabinti: kuokota konokono bapa wa mawe, ambao kule huitwa flithers, kwa maili za ufuko wa mawe, kuwatoa kome kwenye magamba, kutia chambo ndoano moja moja na kukunja kamba isijifunge. Wanawake wale wamesimama kati ya kazi na kazi kwa sababu mpiga picha aliwaomba. Maelezo yameandikwa upya.

Kofia za vitambaa zenye marinda na shela inayofunika shingo ni vazi la Staithes, na boti zilizopandishwa ufukweni ni coble: omo refu na kali, mbao zilizopandiana, na nyuma bapa yenye mikuku miwili midogo. Hupandishwa ufukweni tezi (sehemu ya nyuma) likitangulia, omo likibaki kutazama mawimbi. Nilikuwa nimeandika kwamba boti fulani "inaondoka", kwa sababu omo linatazama bahari. Ilikuwa inarudi.

Na rangi zisikudanganye. Bamba linaloona bluu zaidi hung'arisha sweta za wavuvi, gansey, ambazo kwa kweli ni za bluu nzito, na kutia giza tanga lililochemshiwa dawa ya magome ili lisioze, kama watu wa pwani yetu wanavyotumia gome la mkoko. Tanga lililo jeusi kwenye picha huenda lilikuwa na wekundu wa udongo. Kwa sababu hiyo nimekataa kutia rangi picha hizi kwa programu za kubuni rangi.

Jambo jingine la gansey. Utasikia kwamba kila kijiji kilikuwa na mtindo wake wa kufuma, na maiti wa baharini alitambuliwa kwao kwa sweta. Kisa kizuri. Lakini wasichana wa heringi, waliosafisha samaki hao, walifuata meli kutoka Scotland hadi Yarmouth wakifuma njiani, wakaolewa huku na kule, na mitindo ikasafiri nao. Hatutumii sweta kuthibitisha kijiji.

7 Juni: Kuchapa

Picha za kwanza za majaribio (pauni 18) zilitoka na giza. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinang'aa mno, tukadhani picha zina mwanga wa kutosha. Tulishusha mwanga wa kompyuta mpaka karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake ilingane nao, tukarekebisha upya. Picha 12 za A3, pauni 7.50 kila moja, zimetoka vizuri.

Palikuwa na ubishi kuhusu kingo. Shemeji alitaka zikatwe: "Watu wanakuja kuona picha, si vioo vilivyovunjika." Nikashikilia zibaki, namba, vidole, pini na vyote, ila tukakubaliana kwamba ukingo uwe na ukanda mweusi kuzunguka ili jicho litulie. Zitatundikwa kwenye ukumbi tunaoutumia sisi wa Kiswahili wa hapa, Wakongo, Warundi na Watanzania, na maelezo kwa lugha mbili.

28 Juni: Hifadhi, haki, gharama

Vioo vyote vimeingia bahasha za karatasi zisizo na asidi, zenye mikunjo minne ili usivute kioo na kukikwaruza (pauni 24), kisha kasha imara (pauni 16). Nusu bamba husimamishwa kwa ubavu wake mrefu, hazilazwi moja juu ya nyingine, maana uzito wa vya juu huvunja vya chini. Kasha liko chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na kipasha joto.

Haki: kununua kioo si kununua hakimiliki. Uingereza hakimiliki ya picha hudumu maisha ya mpiga picha na miaka 70 baada ya kifo chake. Sutcliffe alifariki mwaka 1941, kwa hiyo zake ziliachiwa huru mwisho wa 2011. Zile ambazo hatujapata mpiga picha wake zinatundikwa ukumbini tu, haziuzwi.

Gharama hadi leo: kasha la mnadani 60, hasara ya skana 10, nguzo 20, lenzi 70, adapta 14, paneli 35, akriliki 9, kadi nyeusi 4, kipulizo 6, glavu 8, bahasha 24, kasha la hifadhi 16, diski 55, majaribio ya kuchapa 18, picha za A3 90, nauli 6. Jumla pauni 445. Ukiwa na kamera na diski tayari, na usiponunua skana, vifaa vya kunakilia na kuhifadhia peke yake havifiki pauni 210.

Zimebaki slaidi za taa. Kila moja ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja kwa utepe wa karatasi, na utepe wa nyingi umekauka na kupasuka. Hatutazifungua. Ni chanya, hazihitaji kugeuzwa mwanga, na namba na lebo zake ziko juu ya utepe wenyewe, kwa hiyo kila moja itapigwa mara mbili: mara moja kwa mwanga wa chini kwa ajili ya picha, mara moja kwa mwanga wa pembeni kwa ajili ya utepe. Kamera inarudi kwetu msimu wa harusi ukipungua.